Nyumba ya Mikumi Isiyo na Ngazi

Bibi yangu, mzaa mama, alitaka jambo moja tu mwaka ule: kumwona dada yake kabla mmoja wao hajafa. Alilisema hivyo hivyo, bila huzuni, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Dada yake aliishi juu kwenye milima ya Vidunda, sisi tulikaa Kilosa. Bibi hakuwa na magoti ya kupanda mlima, na dada mtu, tulivyosikia, hakuwa na pumzi ya safari ndefu. Ilibidi utafutwe mji wa katikati, chini ya milima, ambako wazee wawili wangefika na kukaa siku tatu bila kuumia.

Kazi hiyo nilipewa mimi. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne miaka ya nyuma, na sasa nina mtoto wangu mchanga mgongoni, kwa hiyo mama alisema nayajua mahitaji ya wakubwa na wadogo. Nilivimba kichwa. Kidodi niliikataa: ilikuwa karibu na dada mtu, lakini malori ya miwa yalipita mchana kutwa, na hatukuwa na mtu wa kutupokea. Kijiji chake chenyewe nilikikataa kwa sababu ya mlima. Nikachagua Mikumi. Treni ilisimama pale, upepo wa milimani ulifika jioni, na mdogo wake mama alikuwa ameolewa na mfanyakazi wa reli aliyepewa nyumba karibu na stesheni. Nilikwisha kulala humo. Mlango haukuwa na ngazi hata moja, bomba lilikuwa uani, choo hakikuwa mbali. Tena, nikisema kweli, nilitaka kuona tembo.

Tuliondoka Kilosa watu watano: bibi, mama, mimi, mdogo wangu wa kike na mtoto. Babu alibaki nyumbani, na njia nzima bibi alilalamika kwa abiria wenzetu kwamba mimi, mke mwenziwe, nampeleka mbali ili nirudi nibaki na mume peke yangu.

Mama mdogo alikuwa amefagia uwanja na kutandika mkeka. Bibi alitembea na mkongojo wake mpaka ukingo wa uwanja, akauliza nyumba ni ya nani. Akaambiwa. Akaketi juu ya furushi lake.

Kwetu mama mkwe halali katika nyumba ya mume wa bintiye. Kila mtoto analijua hilo, na mimi nililijua. Ila nilikuwa nimejishauri, na mama akakubali, kwamba nyumba ile haikuwa ya mkwe. Ilikuwa ya serikali. Miaka ile tuliambiwa kila mkutano kwamba mali ni ya wote, nikaona basi ukwe hauingii. Mkwe mwenyewe alikuwa amehamia kwa wenzake wa kazini tangu asubuhi ili kupisha.

"Mama, nyumba ni ya serikali," mama akasema. "Mkweo amepangiwa tu."

"Anayelala humo na binti yangu ni serikali?"

Mama akamkumbusha kwamba mikutanoni hukaa benchi moja na wakwe zake wengine.

"Mkutanoni silali," bibi akasema. Kisha akauliza treni ya kurudi inapita saa ngapi.

Hakuna aliyecheka. Kesho yake dada mtu angeteremshwa mlimani na wajukuu wake na kupandishwa treni, na hatukuwa na njia ya kumpelekea habari. Wote tulijua hatateremshwa mara ya pili. Nilitamani ardhi inimeze, na mtoto naye akaanza kulia.

Aliyetuokoa ni jirani wa nyumba ya pili, mama mmoja mnene ambaye kabila lake na letu ni watani. Alikuja mikono kiunoni, akamzunguka bibi akimkagua.

"Mmeleta gunia la mtama mkalitupa njiani. Mimi naliokota, na atakayelitaka atalinunua."

"Utanunuliwa wewe na sura hiyo?" bibi akajibu, na hapo hapo akanipa mkono nimwinue.

Kwa mtani kulikuwa na ngazi tatu. Zilituchukua muda mrefu, bibi akiniegemea begani na mtani akimsukuma kwa nyuma huku akimwita kila jina baya alilolijua.

Kesho yake dada mtu alifika, ameshikwa na wajukuu wawili. Mume wa mama mdogo alikuwa mkwe wake pia. Aliitazama ile nyumba yangu nzuri, akauliza ya nani, akapita bila kupunguza mwendo.

Bibi alikuwa barazani. Hakungoja mkono wa mtu; alikaa chini akateremka ngazi kwa makalio, moja baada ya nyingine, mpaka vumbini. Maisha yangu yote yeye ndiye aliyeamkiwa. Siku ile nikamsikia akisema, "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umezeeka, mtoto wewe?"

Wakazungumza siku tatu, kwa lugha ya kwao, wakinyamaza tu mama alipoleta chakula. Tembo sikuwaona. Wale wawili hawakuonana tena, na walitangulia zamani. Mama tumemzika mwaka huu. Hakuwahi kunilaumu kwa ile nyumba. Mara zote alisema tuliichagua sote wawili.