Mabomba Sita ya Shemeji

Siku tuliyomsafirisha dada yangu kwenda kuzikwa Kasanga, kwa mumewe, mimi nilibeba masufuria. Mwili wake ulikuwa kwenye gari la kukodi, mbele kabisa, na mimi, kaka yake wa tumbo moja, nilikuwa mkiani mwa msafara nikila vumbi pamoja na magunia ya unga na kina mama wa kupika. Shemeji yangu, mume wa marehemu, ndiye aliyepanga hivyo. Alisimama uani kwetu Izia, mbele ya waombolezaji, akasema gari langu lina kelele na halifai kumbeba mke wake. Watu wakaangalia chini. Nami nikaangalia chini, maana msibani watu hawagombani, lakini nilimwekea kinyongo na nikakitunza vizuri.

Kelele ilikuwepo, siwezi kukataa. Gari lenyewe ni la baba, la petroli, la zamani kuliko mimi, lenye injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja kama watoto wa shule asubuhi. Baba alilinunua misheni, mapadre walipohamia kwenye dizeli. Lilikuwa na pacha wake palepale misheni, na pacha huyo shemeji alikuja kumnunua baadaye, nadhani kwa kuona baba anavyoheshimika barabarani. La kwetu lilikuwa limepasuka manifoldi ya moshi, yaani kile chuma kizito kinachokusanya moshi wa silinda zote na kuuingiza kwenye bomba. Ukikanyaga mafuta linapiga tak-tak-tak kama cherehani mbovu. Ni ugonjwa wa kawaida kwa injini zile. Chuma kinaungua miaka mingi, kinarushiwa maji ya madimbwi katika baridi ya Ufipa, mwishowe kinaachia.

Mwaka jana mpwa wangu, binti pekee wa dada, akapata mchumba. Tangu mama yake afe alilelewa kwa mama yangu hapa Izia, na msafara wa harusi ungeanzia hapa kwenda kanisani mjini. Familia ilipokaa kupanga, mama akasema mjomba ndiye atakayembeba bibi harusi. Shemeji akasema hapana, atambeba baba yake, kwa gari lake mwenyewe, maana la mjomba litazima sauti ya matarumbeta. Watu wakacheka. Wazee wakaamua magari yote mawili yaje siku hiyo, na bibi harusi apande litakaloonekana linafaa. Mimi nilitabasamu hadi mashavu yakauma.

Basi nikaanza kutafuta manifoldi. Ningeweza kuichomelea ile iliyopasuka, lakini chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, hakichomelewi hivihivi. Unakipasha kwenye makaa hadi kiwe chekundu, unakiziba kikiwa cha moto, halafu unakizika kwenye majivu kipoe polepole, na hata hapo kinaweza kupasuka pembeni ya kovu. Nilisikia pia kwamba Mwimbi kuna mabaki ya gari kama letu, kuku wanatagia ndani yake. Na kisha kulikuwa na mabomba sita.

Yalikuwa kwenye duka la vipuri mjini, yametoka Tunduma, mapya, yanang'aa. Kila silinda ilikuwa na bomba lake la chuma chembamba, yanajipinda kwa mpango na kukutana chini. Moshi unatoka bila kusukumana, injini inapumua, gari linapata nguvu. Nilipoyashika sikutaka kuyarudisha juu ya kaunta.

Lakini mimi nimezaliwa kwenye baridi. Katika injini ile, manifoldi ya kuingizia hewa na petroli imekaa juu ya manifoldi ya moshi, zimefungwa pamoja kwa bolti. Walioitengeneza hawakuwa wajinga. Moshi unapasha chuma cha chini, cha chini kinapasha cha juu, na petroli inageuka mvuke kabla haijaingia kwenye silinda. Ukifunga mabomba sita, joto hilo huna tena. Kasanga, kule chini ziwani ambako watu wanalala bila blanketi, hutaona tofauti. Hapa juu, mwezi wa sita, asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mabua ya mahindi, petroli inabaki matone na kabureta inashika barafu. Gari litakohoa na kuzima kila ukikanyaga. Na harusi ilikuwa mwezi wa sita, misa ya asubuhi.

Nilikuwa bado nimesimama pale dukani shemeji alipoingia. Alikuwa amepandisha migebuka, samaki wa ziwani, kuuza sokoni, akaja kutafuta plagi. Nikamwona, na nikajua papo hapo nitakachofanya. Nikamsalimia kwa furaha, nikamuuliza habari za ziwani, kisha nikamshika mkono nikampeleka kwenye kaunta.

"Shemeji, haya ndiyo yenyewe," nilimwambia. "Ukifunga haya, gari linakuwa jipya."

Aliuliza kama kweli yanafaa kwa magari yetu. Nikasema yanafaa, na kwamba nikijipanga wiki ijayo nakuja kuyachukua mwenyewe. Nikaaga. Nilivuka barabara, nikasimama kwenye kibanda cha chipsi na kuagiza nisichokihitaji, nikamtazama akitoka na mabomba sita begani. Mtu huyu hawezi kuniona napata kitu asikipate yeye kwanza, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Zile chipsi nilizila zote, tamu ajabu.

Kesho yake nikaenda Mwimbi kwenye kuku. Manifoldi ya pale ilikuwa na kutu na mavi, lakini nilipoigonga kwa nyundo ililia vizuri, na chuma kilichopasuka hakilii hivyo. Niliisugua uso wake juu ya kioo chenye msasa hadi ikalala sawa, nikaweka gasketi mpya, nikaanza kukaza nati za katikati nikienda pembeni, kidogo kidogo, nikirudia. Nilipowasha, gari likanyamaza. Mama alitoka jikoni kuuliza kama limewaka.

Shemeji alinitumia video kwenye simu. Gari lake linakata barabara ya ziwani, injini inaunguruma kwa raha, wanawake wa samaki wanapiga vigelegele. Chini aliandika asante sana shemeji. Nikaona ananichezea shere. Nikamjibu kwa kidole gumba.

Alipanda kupitia Matai mchana wa kuamkia harusi, jua likiwa kali, na gari halikumsumbua hata kidogo. Asubuhi ilikuwa nyingine kabisa. Watu walikuwa wamejifunga mashuka juu ya suti, na pumzi zao zinaonekana. Magari yote mawili yakawashwa uani. La kwangu lilikuwa kimya, lake likinguruma kama simba aliyeshiba, na wazee, ambao hawajui kitu, wakasema la baba wa bibi harusi ndilo lenye heshima. Mpwa wangu akapanda la baba yake. Mimi nikafuata nyuma, nikisubiri.

Hatukufika hata kwenye lami. Gari likakohoa, likaruka kidogo, likazima. Shemeji akawasha, akakanyaga, likazima tena. Wapiga matarumbeta waliokuwa juu ya pikapu mbele wakashusha vyombo vyao, na majirani wakatoka kwenye nyua zao kutazama. Shemeji akafungua boneti akainama na suti yake mpya, anashika hiki, anapuliza kile, asijue anachotafuta. Damu yangu ilitembea vizuri. Nikapita pembeni, nikasimama, nikafungua mlango wa nyuma. Mpwa wangu akahama na mpambe wake, ameshika gauni lisiguse vumbi.

"Gari la wapishi linakuja nyuma, shemeji," nilisema kwa sauti, kila mtu asikie. "Litakubeba."

Aliniangalia tu. Nikaondoka na bibi harusi, na matarumbeta yakaanza upya kwa ajili yangu. Kama kuna furaha kubwa kuliko ile, mimi sijaionja.

Kwenye lango la kanisa mpwa wangu hakushuka. Mpambe alimfungulia mlango, padre alikuwa tayari barazani, yeye akabaki amekaa, maua mapajani.

"Siingii bila baba," alisema. "Mjomba, rudi ukamchukue."

Nikamwambia atafika. Akarudia yaleyale, polepole zaidi. Nikageuza gari mbele ya wageni wote.

Tulimkuta barabarani anatembea, viatu vimejaa vumbi, hakutaka kusubiri wapishi. Alipanda mbele, ubavuni kwangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na nilikuwa na majibu yake yote.

"Fundi wangu wa Kasanga aliyakataa yale mabomba," alisema. "Alisema huku juu yatanisumbua. Nikamwambia shemeji yangu ndiye aliyeyachagua, na hakuna anayeijua injini hii kama yeye. Labda nimeyafunga vibaya."

Nilitazama kioo cha ndani, na mpwa wangu alikuwa ananitazama. Yeye ndiye aliyenishikia taa nilipokuwa nafunga manifoldi ya Mwimbi, na nilimweleza habari ya joto na baridi mwanzo hadi mwisho, kwa majivuno.

"Harusi ikiisha nichagulie manifoldi nyingine," shemeji alisema. "Safari hii ufunge wewe."

"Mpe hii, mjomba," mpwa wangu alisema kutoka nyuma. "Hii uliyofunga humu."

Shemeji akageuka kumwambia mwanawe kwamba hilo ni kubwa mno, hawezi kulipokea. Nikasema atalipokea. Bibi harusi hakataliwi siku yake, na shemeji alikuwa ameshaanza kunishukuru tena.