Miaka Minne Niliyojipunguzia

Mimi hii stori siwezi kuisimulia nikiwa nimesimama, kwa sababu hata leo, mzee wa meno ya kuhesabika, nikiona tu karani akitoa karatasi na kuniuliza nimezaliwa lini, natafuta kiti kwanza. Lakini mmenishika nyinyi mkisema kila mtu atoe aibu yake, na hizo mlizotoa, haki, ni aibu za watoto. Ngojeni niwape ya mtu mzima, tena mwalimu, tena mwalimu wa hesabu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wazungu bado wana mashamba yao, na mimi nilikuwa nafundisha huko juu Keringet, shule ya vyumba viwili vya udongo ambapo asubuhi unangoja ukungu utoke ndio uone kama watoto wamefika wote. Siku moja lori la kubeba maua ya pareto likaniletea barua kutoka kwa wakubwa wa elimu: nimependekezwa kwenda Uingereza kwa kozi ya walimu, mwaka mzima, lakini kwanza nipate pasipoti. Pasipoti! Huko kwetu hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuiona, wengine walidhani ni aina ya koti.

Sasa ile barua ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili, na ule ukurasa wa kwanza ulimalizikia mahali pabaya. Mstari wa mwisho ulisema hivi: "Waombaji walio chini ya miaka ishirini na tano." Mimi nilikuwa na ishirini na nane. Nikaona hiyo nafasi inaruka kama kunguru. Ukurasa wa pili nilifungua, naam, lakini macho yalikuwa yameshajaa maji, nikaokota tu habari za sweta na viatu vya baridi. Na fomu ya pasipoti iliyokuja na barua ilikuwa pale mezani inanitazama. Nikajiambia, sasa huku milimani nani anajua nilizaliwa lini? Hakuna hospitali, hakuna cheti, kuna ng'ombe na mvua tu. Nikachovya kalamu, nikaandika umri ambao ungenifanya wa miaka ishirini na nne. Basi. Wino ukakauka, nikaenda kulala kama malaika.

Shida ni kwamba mtu asiye na cheti cha kuzaliwa alitakiwa afike ofisini Nakuru na mzazi wake, pamoja na jamaa mwingine mmoja, waape kwamba kweli huyu alizaliwa na wao walikuwepo. Baba alikuwa amefariki zamani. Mama yupo, Mama Raheli, na jamaa wa pekee aliyekuwa na nafasi ni Baba mdogo Kimutai, ndugu wa marehemu.

Hapo lazima niwaeleze kidogo juu ya hao wawili. Baba alipokufa, Baba mdogo Kimutai alikuja kumrithi mama kama desturi ilivyotaka, akaja na kofia mpya na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na mama, ambaye alikuwa amebatizwa miezi michache tu kabla, akamrudisha na kofia yake na kibuyu chake. "Baada ya mume wangu," akamwambia mbele ya watu, "mwanaume mwingine katika nyumba hii ni Yesu peke yake." Hilo neno lilizunguka Keringet yote. Kanisani kila mara wajane walipotakiwa kutiwa moyo, alisimamishwa Mama Raheli. Lilikuwa ndilo shamba lake, ndilo gari lake, ndilo jina lake. Na Baba mdogo naye (ijapokuwa alikuwa ameshaoa na kuzeeka) hakuwahi kuacha kuvaa kofia kila alipopita kwetu.

Basi tukapanda lori la maziwa mpaka Molo, halafu treni mpaka Nakuru. Mama alikuwa hajawahi kupanda treni, akafumba macho kutoka Molo mpaka Njoro akiomba, alipofumbua akaniuliza, "Kipkemoi, kwenye hiyo karatasi umeandika nini?"

"Mambo ya kawaida tu, Mama."

"Mimi nimebeba ile barua ya baba yako. Labda itasaidia."

Ile barua ilikuwa imeandikwa na mzungu wa shamba alipofanya kazi marehemu, kuthibitisha kwamba amekufa na tarehe aliyokufa. Mama aliifunga ndani ya kitambaa kama sadaka. Mimi niliijua hiyo barua tangu utoto, nimeisoma mara mia. Na bado, jamani, mimi mwalimu wa hesabu, niliyekuwa nawachapa watoto kwa kushindwa kutoa, sikuketi kutoa hesabu moja ya mistari mitatu!

Ofisi ilikuwa imejaa. Mabenchi kuta zote, watu wa Bahati, watu wa Rongai, mama wa Kihindi na binti zake watatu, wote wananyamaza vile watu wananyamaza ofisini, yaani wanasikiliza ya wengine. Karani alikuwa mzee mmoja wa mjini, kofia ya kiua, miwani puani, Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaona haya kufungua mdomo. Mlangoni alisimama askari mrefu.

"Mwalimu," karani akasema, "mama yako anajua Kiswahili?"

"Hajui vizuri, Bwana Karani. Mimi nitatafsiri."

(Hapo ndipo ningeweza bado kujiokoa. Ningesema tu, bwana, nimekosea fomu. Lakini ulimi ulikuwa umeshapanda farasi.)

"Muulize alimzaa mwaka gani mtoto huyu."

Nikamuuliza mama kwa lugha yetu. Mama akapanua mikono, akaanza: nilizaliwa wakati wa nzige, nzige walikula mpaka nyasi za paa, baba yangu alinibeba kifuani akinionyesha majirani, nilikuwa na kichwa kikubwa sana, alipokufa yeye mimi nilikuwa natembea tayari, nimefikisha miaka miwili, na nilimfuata mpaka kaburini nikishika shuka. Alisema kwa muda mrefu, na mikono.

"Anasema nina miaka ishirini na nne," nikatafsiri.

Karani akanitazama juu ya miwani. "Maneno yote hayo ni ishirini na nne?"

"Lugha yetu ni ndefu, bwana."

Nyuma yangu nikasikia mtu akikohoa. Ni yule askari. Kumbe ni Mkipsigis kama sisi, tena wa karibu na Bomet! "Samahani, Bwana Karani," akasema, "mama hajasema hivyo. Mama amesema mambo ya nzige."

Karani akamwita askari aje asimame karibu, akanisukuma mimi pembeni kwa kalamu. Hapo mama, akidhani anasaidia, akafungua kile kitambaa na kumpa barua ya marehemu kwa mikono miwili. Karani akaisoma. Akaisoma tena. Akatazama fomu yangu. Akahesabu kwa vidole, akafika kidole fulani akarudi, na watu wa mabenchi wakahesabu pamoja naye, nawaambia kweli niliona midomo ikicheza.

"Mzee wenu alifariki miaka ishirini na sita iliyopita," akasema polepole, kwa sauti ile ya msikitini inayofika nyuma bila kupigwa kelele. "Na mwalimu ana miaka ishirini na nne. Yaani amezaliwa miaka miwili baada ya babake kuzikwa."

"Hata ndovu angekuwa ameshazaa," akasema mtu wa Rongai.

"Mweleze mama," karani akamwambia askari, "kwa sababu hapa ataweka kidole gumba, na lazima ajue anaapa nini."

Nilitaka kumzuia. Askari alivua kofia, akainama kwa heshima, akamwambia mama kwa lugha yetu safi, bila kuruka neno, kwamba kijana wake ameandika alizaliwa miaka miwili baada ya marehemu kufariki.

Mama aligeuka kunitazama, na yale macho, wacha. Halafu karani, ambaye kazi yake ni kuuliza, akamgeukia Baba mdogo Kimutai aliyekuwa amekaa na kofia magotini. "Na wewe, mzee, ndugu wa marehemu, una la kusema?"

Baba mdogo alikuwa na nafasi ya kutuokoa sote. Angesema tu hapana. Lakini alitazama lile jumba lote linalomtazama, labda ilikuwa mara ya kwanza maishani watu wengi hivyo kumtazama, akavaa kofia yake taratibu, akapapasa sharubu, akasema:

"Mimi sisemi kitu."

Mabenchi yakalia "Aaaa!" kwa pamoja. Mama wa Kihindi akawaziba masikio mabinti wawili, wa tatu akakosa mkono. Na mama yangu, mwanamke wa maombi, akanyanyua mwavuli akaipiga ile kofia mpaka ikaruka juu ya meza ya karani, ikaangukia kwenye kidau cha wino. Kisha akaanza kunipiga mimi, mwalimu, na tai yangu shingoni, akisema kwa lugha yetu, na askari (mtu mwaminifu sana, Mungu amsamehe) akiendelea kuwatafsiria watu wote: "Anasema amekaa peke yake miaka ishirini na sita. Anasema huyu kijana amemvua nguo Nakuru. Anasema huyo mzee hajawahi kuvuka kizingiti chake hata kwa mguu mmoja."

Kelele zikamtoa Bwana D.O. ofisini kwake, afisa wa wilaya, kijana wa kizungu mwenye kaptura. Karani akamweleza kwa Kiingereza, na masikio ya yule kijana yakawa mekundu kama nyanya. Akaniomba barua ya kozi. Akasoma ukurasa wa kwanza, akageuza, akanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa.

"Mwalimu, kwa nini umeandika ishirini na nne?"

"Wanataka walio chini ya ishirini na tano, bwana."

Akaniwekea kidole juu ya ukurasa wa pili, mstari wa kwanza kabisa. "Hawatafikiriwa." Waombaji walio chini ya miaka ishirini na tano hawatafikiriwa! Walikuwa wanataka watu wazima.

"Kwa hivyo," akasema, "wewe ni mdogo sana. Huwezi kwenda."

Hapo nikapiga kelele ambayo nadhani hata stesheni waliisikia. "Mimi ni mzee, bwana! Nina ishirini na nane! Muulize mama!"

"Huyu amezeeka haraka," akasema yule mtu wa Rongai.

D.O. hakucheka. Akasema kuandika uongo kwenye fomu ya serikali ni kosa na angeweza kunifunga. Askari akamtafsiria mama. Sasa mimi nilidhani mama atafurahi, lakini akasimama mbele yangu, mwavuli bado mkononi, akasema, na askari akafikisha: "Anasema usimfunge, bwana. Anasema huyu ni wake, atamfunga mwenyewe." Hapo ndipo D.O. alipocheka, akaichana fomu vipande vinne, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili na fomu mpya na barua ya chifu.

Kurudi, Baba mdogo alikuwa ametangulia na lori la mapema, na kwa hiyo habari zilifika Keringet kabla yetu. Lakini na yeye alilipwa, maana mkewe alipozisikia alimtolea mablanketi nje, akalala kwenye banda la mbuzi siku tisa.

Mimi hukumu yangu ilitoka kwa mama. Jumapili, kanisa likiwa limejaa, aliomba ubao uletwe kutoka shuleni. Akaniita mbele. "Mwalimu," akasema (hakuniita kwa jina), "tufundishe kutoa." Na nikasimama na chaki, mbele ya wanafunzi wangu na wazazi wao, nikaandika umri wangu wa kweli, nikaandika chini yake miaka tangu baba afariki, nikapiga mstari, nikatoa. Ikabaki mbili. Nikageuka nikawaambia watu: nilikuwa na miaka miwili baba yangu alipokufa, mama yangu hana doa, mwenye doa ni mimi. Mama akasema, "Rudia, wa nyuma hawajasikia." Nikarudia. Mara tatu.

Pasipoti ilikuja baada ya miezi mitatu, nikaenda Uingereza, nikarudi, hayo ni mengine. Tangu siku ile sijawahi kudanganya umri, hata kwa mwanamke niliyetaka kumuoa, ambaye nilimwambia umri wangu kabla ya kumwambia jina. Na barua yoyote ikija nyumbani siku hizi, nageuza kwanza ukurasa wa pili.

Lakini kitu ninachokikumbuka zaidi ni asubuhi ya kuondoka, stesheni ya Molo, baridi inauma. Mama alinifunga vifungo vya koti kama mtoto, mpaka shingoni. Nikadhani ataomba. Akanishika kola.

"Huko kwa wazungu," akasema, "wakikuuliza ulizaliwa lini, wewe nyamaza. Waambie waniandikie mimi."