Stovu Niliyoibeba Hadi Tanga

Nakumbuka siku niliyowasha stovu katika ua wa watu kule Tanga kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu. Na nisingeisema, mjukuu wangu, ningekufa nayo. Lakini leo nimeingia chumbani kwako hapa mtaa wa Tena nikakuta lile begi lako la mgongoni limefura kama limetiwa hamira. Nimefungua. Tambi za pakiti, ishirini na nne! Nikakuuliza, "Wambui, kwani Tanga kuna njaa?" Ukanijibu bila kuinua macho kwenye simu, "Shosh, sijui hao watu hukula nini. Kila mtu ajipange."

Kila mtu ajipange. Haya. Keti basi, na hiyo simu uilaze kifudifudi.

Nilikuwa na umri wako, tunaishi mtaa wa Shauri Moyo. Zainabu, nyanya yake huyo Rehema unayesafiri naye, alikuwa mlango wa tatu kutoka kwetu. Mamake alikuwa amefariki, na mtu pekee aliyebaki upande huo alikuwa mama yake mdogo, Bi Mwanaisha, kule Tanga. Zainabu hakuwa amemwona tangu utotoni. Akaniambia, "Nyambura, nisindikize. Naogopa asije akanikataa." Tukapanga tupitie Arusha na Moshi, tuone miji, halafu tushuke mpaka baharini, kila mmoja na mzigo wake mgongoni.

Mzigo wa Zainabu ulikuwa nguo mbili na kanga za marehemu. Wangu? Unga wa mahindi, sufuria, na stovu ya mafuta ya taa. Ndiyo, stovu! Mama alikuwa ameniapisha nisile vya watu nisiowajua, na samaki nisimguse kabisa. Kwetu samaki hakuingia jikoni, alihesabiwa ndugu ya nyoka. Arusha nikapika ugali chumbani gesti, nimeziba mlango kwa blanketi ili mwenye gesti, Mzee Lomayani, asinuse. Moshi nikapika tena. Zainabu alikula akicheka, nami nikajiona mjanja kweli kweli.

Tukafika Tanga. Bi Mwanaisha alitufungulia mlango, akamtazama Zainabu, akaziona zile kanga alizojitanda, za dada yake. Alimkumbatia mpaka nikaona haya kusimama pale.

Kesho yake aliamka kupika. Asubuhi nzima yuko kwenye mbuzi anakuna nazi. Akaalika majirani waje wamwone mtoto wa dada yake. Majina yao ninayo hadi leo, Bi Riziki na Bi Fatuma Shekue. Darasa la tatu niliishia, lakini majina sisahau. Sinia ikaja, wali wa nazi na samaki wa kupaka, na kichwa chake juu, ananikodolea macho.

Sasa mimi, badala ya kufungua mdomo niseme, nikanyanyuka polepole kama mtu anayeenda msalani. Nikaenda uani. Nikawasha stovu. Nikasonga ugali!

Harufu ya mafuta ya taa si ya kufichwa. Ikaingia ndani, ikakaa nao mkekani. Nikamsikia Bi Riziki, "Mwanaisha, mgeni wako anapika? Kwani umemnyima?" Wakacheka kile kicheko cha kufunika mdomo.

Bi Mwanaisha akatoka. Hakupiga kelele, na heri angepiga.

"Binti, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama."

"Mbona unaniaibisha mbele ya majirani?"

"Mimi sili samaki, mama."

"Ungesema! Kuku wamejaa hapa uani, wanakukanyaga miguu. Ningekuchinjia. Ulikuja kwangu, au ulikuja kwa stovu yako?"

Ugali ukaungua pale pale. Na nyuma yake amesimama Zainabu, machozi yanamtoka. "Mimi nimekuja kutafuta mama," akasema, "wewe umekuja na unga." Akaingia ndani. Hakunisemesha siku mbili, mwanangu, na tunalala kitanda kimoja.

Nifanye nini? Alfajiri ya siku hiyo ya pili nikamfuata Bi Mwanaisha jikoni, nikamwomba msamaha, nikamwomba anifundishe kukuna nazi. Nilikuna nazi na vidole vyangu pamoja. Mchana akaniuliza anichinjie kuku, nikasema hapana, nitajaribu samaki. Mwiba ukanikwama kooni, nikatoa macho. Ndipo Zainabu aliponisemesha: "Umekukwama? Afadhali!" Lakini alikuwa ameshanifinyangia tonge la wali nimeze.

Siku ya kuondoka, Bi Mwanaisha alikataa niondoke na stovu. "Hii inabaki. Utaifuata siku utakayokuja bila unga." Mume, watoto, kazi ya sokoni, sikurudi. Alifariki bila kuniona tena, na hilo linaniuma.

Sasa wewe na Rehema mnaenda nyumba ile ile, kwa mabinti zake, kabla hamjaendelea na Dar na Unguja yenu. Na wewe umefungasha tambi! Mwanangu, aibu utakayoifanya huko haitakuwa yako, itamwangukia Rehema, maana wewe utarudi hapa Tena na wale watabaki kuwa ndugu zake. Ukiwa huli kitu, sema mapema, sema kwa adabu. Ukiletewa usichokijua, uliza kabla hujakunja uso. Na asubuhi usilale kama mzigo, ingia jikoni ushike kazi, hata kama ni ya kuharibu vidole.

Tambi nimezitoa. Usizitafute, nitazila mwenyewe. Mungu akufungulie kila mlango utakaobisha, akulinde barabarani na majini, awarudishe wewe na Rehema mkiwa bado mnasemezana. Na ukifika pale uani, waambie Nyambura wa Shauri Moyo amemtuma mjukuu wake, na hana unga. Amekuja kuchukua stovu.