Zamu ya Baba Chini ya Mnazi

Ukimsikiliza Baba, vita vya Burma alivishinda karibu peke yake, Waingereza wakimshikia mfuko. Alirudi Kisauni vita vilipokwisha akiwa na koti zito la jeshi, kikohozi, na hadithi ya Mjapani mmoja aliyezidi kurefuka kila aliposimuliwa. Mwanzo alikuwa mfupi; kufikia Krismasi hakuweza kupita mlangoni. Mimi, binti yake mwenye mdomo, nilimwuliza siku moja Mjapani huyo alikuwa akila nini. Alinifukuza mpaka kisimani. Tulimpenda sana, lakini mwongo alikuwa mwongo.

Kabla ya vita Baba alikuwa mgema. Minazi ilikuwa ya jirani yetu mmoja, Jumapili mzee wa kanisa, siku nyingine mteja wetu mkubwa. Alimrudishia Baba minazi ile kwa sharti moja: isikauke. Karara, chipukizi linalotoa tembo, hukatwa kidogo asubuhi na jioni, ukiliacha, limekufa. Likifa, minazi hupewa mgema mwingine, nasi tungekula koti la jeshi.

Asubuhi ya kwanza Baba alipanda. Alifika katikati, akaukumbatia mnazi kwa mikono miwili, akaanza kutetemeka. Nilidhani anafanya mzaha, nikacheka. Mama hakucheka.

"Shuka, baba watoto. Polepole."

Hakupanda tena. Mama alijifunga kanga kama kaptula, akachukua kisu cha kugemea, akapanda yeye.

Sasa, kwetu mwanamke hapandi mnazi. Tembo lake wazee wangelimwaga, na minazi ingeondoka siku hiyo hiyo. Kwa hiyo Baba alishika zamu. Mama akiwa juu, yeye alisimama chini ndani ya koti lake katika joto lile, na kila aliyepita alisimuliwa Burma. Watu walikumbuka upesi kwamba wana safari. Hapo ndipo nilipoona faida ya uongo wake.

Tembo likasifiwa mtaa mzima. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, husemwa, ila sifa zilimwendea Baba na kazi ilikuwa ya Mama, basi halikuingia hata tone.

Jioni moja mwenye minazi akaja mwenyewe. Baba akamwanzia Burma, na mzee, ole wetu, akaipenda. Akaketi kabisa. Mama hakuweza kungoja zaidi, giza lilikuwa likija. Akakata. Kipande cha karara kikamwangukia mzee kwenye kofia, naye akainua macho.

"Wee! Ni nani huyo juu?"

Nilimtazama Baba, roho mkononi. Mtu aliyeweza kumrefusha Mjapani asingekosa la kusema.

"Ni mke wangu," alisema. "Mimi siwezi tena, mzee wangu. Nikifika katikati nasikia mizinga."

Sikuwahi kumpenda kama nilivyompenda pale.

Mama akashuka, kibuyu kiunoni, akasimama mbele ya mzee.

"Shikamoo."

Mzee hakujibu. Alikipokea kibuyu, akatazama huku na huku kama kuna muumini yeyote karibu, akanywa, akanywa tena. Akafuta masharubu.

"Marahaba," alimwambia Mama. Kisha akamgeukia Baba. "Na wewe, kesho simama karibu na njia. Hapa unachelewa kuwaona watu."