Kidudu Kilichoelekeza Makaburini

Juzi mjukuu wangu alichimbua kwenye viazi vitamu kidudu cha kahawia, kimejifunga ndani ya ganda, na pembeni kijimkono kama cha birika. Nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni kule kijijini Kibua, tulipokuwa tukimngoja baba yetu, Papa, atoke kwenye kazi ya barabara.

Dada yangu Furaha aliweka kidudu kama hicho kiganjani mwangu. Udongo wake ulinuka mvua.

"Kiulize Papa iko wapi. Kitakuonyesha na mukia."

Nikauliza. Kikajipinda, ncha ikaelekea makaburini.

Mama, aliyekuwa akilima karibu nasi, aliona. "Tupa ile kitu!" akasema, lakini jembe lake halikuinuka tena.

Leo najua angetoka humo nondo mkubwa, yule anayeelea mbele ya maua jioni. Kile kijimkono kilikuwa ala ya mrija wake wa kunyonyea, na joto la kiganja changu ndilo lililomfanya ajipinde. Siku ile niliamini nimemuua Papa kwa kuuliza.

Alitokea upande mwingine kabisa, migombani, akikohoa. Mama alimkimbilia, akasimama ghafla mbele yake.

"Sababu gani umechafua shati hivi?" akafoka, huku machozi yakimtoka.