Swichi Mbili za Tonton

Juzi nimepita Saint-Gilles, mtaa wetu wa kwanza huku Ulaya, rafiki yangu, nikakuta wanabomoa nyumba yetu ya zamani. Kwenye dirisha lililo wazi nikaona ukuta wa salon, sebule yetu, na waya za tonton zinaning'inia. Nikasonya hapohapo barabarani, mtu mzima mimi.

Tonton, ndugu mdogo wa papa, yaani baba yangu, alijiita ingénieur, mhandisi. Wa nini, hakuna aliyemuuliza. Alikuwa na kalamu kwenye mfuko wa shati, basi. Nkambo, mama yao, alilala salon kwenye divan, na macho yalikuwa yameanza kumchoka. Donc tonton akaahidi kwamba taa yake ataiwekea swichi mbili, nkambo awashe akiwa amelala, sisi tuwashe mlangoni. Jumamosi nzima alitoboa ukuta, maman akimkaangia makayabu, samaki wale wa chumvi, nyumba ikinuka vitunguu na plasta, na sisi watoto tukifagia vumbi lake.

Bon. Swichi za namna hiyo, moja ikizima, nyingine lazima iweze kuwasha. Bwana mkubwa alizifuatanisha kwenye waya mmoja. Ukizima ya mlangoni, ile ya nkambo inabaki pambo la ukutani. Na sisi watu wa Lubumbashi tulilelewa hivyo: ukitoka chumbani, unazima.

Jioni moja ya Desemba, giza limeshaingia na sote tuko nje, nkambo akabonyeza, akabonyeza tena, kisha akainuka kwa kupapasa. Tulimkuta sakafuni, nyonga imevunjika. Hospitalini tonton alikunja mikono kifuani.

"Ni kuzoea tu," akasema. "Mama hajazoea umeme ya Ulaya."

Mpumbavu yule! Lakini kwetu tonton hakosolewi.

Nkambo alirudi na mkongojo, akaanza kulala na tochi chini ya mto. Taa ile hakuigusa tena, isipokuwa Jumapili, tonton alipoleta wageni kuona kazi yake. Hapo nkambo alinivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Enda ku mulango, upandishe ile ingine. Mutoto yangu asipate haya."

Nilikwenda, nikapandisha. Naye akabonyeza yake, taa ikawaka, wageni wakasifu, na yule bwege akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

Siku hizi nkambo hayupo, na salon ile ni vumbi. Tonton yupo. Kila sherehe anasimulia jinsi mama yake alivyoipenda taa ile, na mimi nakunywa bia yangu. Aliyeniagiza nimfichie mwanawe aibu yake amekufa bila kunifungua na agizo lile.