Maombi ya Kuteremsha Mashua

Jumamosi nilishuka bwawani, upande wa Ishiara, kutafuta samaki, nikakuta watu wamejipanga ukingoni kama wako kanisani. Mashua ndogo iliyolala kifudifudi juani miaka mitatu ilikuwa inarudishwa majini.

Fundi aliyeziba nyufa zake alikuwa amewaonya. "Mbao zimekauka zikaachana. Izamisheni kwanza siku mbili, zivimbe zishikane."

"Na mbuzi ashachinjwa?" mwenye mashua akamjibu. "Leo ni leo."

Mashua ikasukumwa majini, mzee wa kanisa akapanda ndani, akavua kofia, akafumba macho. Sisi pia tukafumba, ingawa mimi nilifumba moja tu. Aliombea mashua, akaombea mvua, akaombea walimu. Maji yakamfika kwenye vifundo, lakini nani atakatiza ombi? Mwenye mashua akajaribu kulifunga kwa "Amina!" kubwa. Mzee akadhani anatiwa moyo, akaongeza sauti. Maji yalipofika magotini, alikuwa amefika kwa wakulima wa viazi wa Kibirichia.

Aliyetuokoa ni mke wa mwenye mashua. Alianzisha wimbo, vile akina mama hufanya ushuhuda ukizidi urefu. Mzee akafumbua macho, mashua imekalia matope, yeye yuko majini hadi mapajani.

"Nilikuwa karibu kumaliza," akasema.

Fundi, ambaye alikuwa ameanza kula mbuzi kabla ya baraka, akaweka mfupa chini. "Usijali, mzee. Sasa iacheni hapo siku mbili."

Nimesikia maombi mengi. Haya ndiyo ya kwanza kuona yakijibiwa kabla ya amina.